Dhahabu ya Kilwa mjini Lisbon: siku 11 katika bandari za Andalus

Wengi katika nyinyi, hasa wenye watoto na ndugu waliohamia Ulaya, hutuuliza iwapo familia ya Kiislamu yaweza kupanda zile meli kubwa za matembezi zizungukazo bandari za Ulaya bila ya kupoteza Swala zake wala kula kisichojuzu. Suali hilo linastahiki kujibiwa na mtu aliyepanda. Mwezi wa Septemba tulijaaliwa kusafiri kwa meli ya namna hiyo kutoka Southampton, kusini mwa Uingereza, hadi Lisbon, Cádiz, Málaga, Gibraltar na La Coruña, kisha tukarudi tulikotoka. Jumla yake ni siku 11. Tulikuwa watu tisa: ndugu yetu mkaazi wa Leicester na mkewe na watoto wao wanne, sisi na ahali yetu, na shangazi yetu, mzaliwa wa Kilwa Kisiwani, ambaye umri wake umepindukia miaka 70 na ambaye kabla ya hapo safari yake ndefu ya baharini ilikuwa ni ya kwenda Mafia.

Meli yenyewe ni mji unaoelea. Ina ghorofa nyingi kuliko majumba mengi ya Kariakoo, lifti, ukumbi wa maonyesho, mabwawa ya kuogelea, maduka na zahanati. Ina kasino pia, nayo imewekwa mahali ambapo mtu hawezi kwenda kula ila apite ubavuni mwake. Hilo si jambo lililotokea tu. Aliyechora ramani ya meli alijua anachokifanya. Tuliwafundisha watoto njia ya juu, kupitia sitaha ya wazi, ambayo ni ndefu zaidi lakini ina upepo mzuri, na baada ya siku mbili wao wenyewe ndio waliokuwa wakituongoza. Pombe iko kila pembe. Huuzwa hata kwa mafungu ya malipo ya mara moja, mtu anywe atakavyo safari nzima, na vijana wa baa hawachoki kuyanadi. Neno moja la kukataa kwa upole latosha, ila itakubidi ulirudie kila siku.

Kabla meli haijang'oa nanga, kila abiria alitakiwa afike kwenye kituo chake cha dharura, akaelezwa afanye nini king'ora kikilia na namna ya kufunga boya la kujiokolea. Zamani zoezi hilo liliweza kufanywa ndani ya saa 24 baada ya kuondoka. Kanuni ilikazwa baada ya meli ya Costa Concordia kugonga mwamba na kulala ubavu karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, mwezi Januari 2012, watu 32 wakapoteza maisha. Baadhi ya abiria wenzetu walikuwa wakichezea simu zao muda wote wa maelezo. Shangazi alisimama wima, akamtaka kijana wa meli amwoneshe mara ya pili namna ya kukaza kamba, kisha akauliza mashua za kuokolea ziko ngapi na kama zinawatosha watu wote. Zinawatosha, akajibiwa. Watu wa pwani waliozika jamaa baada ya MV Spice Islander kuzama ikielekea Pemba mwezi Septemba 2011 hawaoni haya kuuliza suali kama hilo.

Siku mbili za mwanzo ni bahari tupu. Ghuba ya Biscay, baina ya Ufaransa na Hispania, ina sifa mbaya tangu zama za matanga, nayo haikutunyima sehemu yetu. Usiku wa pili vikombe viliteleza mezani, na mtu akitembea ukumbini alionekana kama anayepanda kilima na kukishuka katika hatua kumi. Sura ya Luqman hutaja mawimbi yanayowafunika watu wa jahazi na jinsi wanavyomwelekea Mola wao wakati huo. Usiku ule tulifahamu vizuri zaidi kwa nini mfano huo ulichaguliwa. Mke wa ndugu yetu aliugua kichefuchefu na akaswali amekaa, na sheria yamruhusu. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, anayeswali faradhi ndani ya chombo husimama maadamu anaweza; akikhofu kuanguka au kichwa kikimzunguka, hukaa.

Kibla kilitupa kazi zaidi. Aliyezaliwa Dar es Salaam au Kilwa amezoea kuelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu moja kwa moja juu yetu katika ramani. Kutoka Lisbon, Makka iko mashariki, ikielemea kusini kidogo tu. Watoto walifungua programu za dira katika simu zao, lakini chumba cha meli ni sanduku la chuma, na mshale ulizunguka kama pia. Tulipata njia iliyo nyepesi zaidi. Katika runinga ya chumbani iko chaneli moja inayoonesha ramani, mahali meli ilipo na upande inaoelekea. Meli ikishuka kusini kando ya Ureno, mashariki ni mkono wa kushoto, na vyumba vyetu vilikuwa upande huo, basi tukaswali kuelekea dirishani. Ilipogeuka kurudi kaskazini, dirisha likawa limetazama magharibi, nasi tukaupa mgongo na kuelekea mlangoni. Mdogo wa watoto, mwenye umri wa miaka saba, ndiye aliyekuwa mshika dira wetu. Hakuna Swala iliyoanza kabla hajatoa ruhusa.

Mambo mengine ya Swala yalikuwa mepesi kuliko tulivyotarajia. Msafiri wa masafa kama yale hufupisha rakaa nne kuwa mbili, na anaruhusiwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Kwa kuwa meli haikai bandarini zaidi ya siku moja, hukumu ya safari ilibaki nasi mwanzo hadi mwisho. Inafaa kukumbuka saa. Ureno hutumia saa ya Uingereza, ilhali Hispania iko mbele kwa saa moja ingawa sehemu kubwa ya ardhi yake iko magharibi ya London. Franco ndiye aliyeisogeza mwaka 1940, na tangu hapo haikurudishwa. Kwa hiyo jua huchwa kwa kuchelewa mno, na anayefuata saa ya ukutani bila ya kulitazama jua atababaika.

Ama chakula, tuliandika tangu wakati wa kukata tikiti kwamba hatuli nguruwe wala nyama isiyochinjwa kisharia, na hatutaki chakula kilichopikwa kwa mvinyo. Hata hivyo jioni ya kwanza tuliletewa mchuzi wa uyoga, na alipoulizwa mpishi, ulikuwa na mvinyo. Tangu hapo tuliuliza kila sahani. Samaki, mayai, mboga, wali, mkate na matunda vilitutosha na kubaki. Penye khatari zaidi ni pale pasipodhaniwa: vitamutamu laini vyenye jelatini ya nguruwe, keki zilizonyunyiziwa pombe, na maharage yaliyotiwa vipande vidogo vya nyama ili kupata ladha. Ashikaye bahati yake mkononi katika meza ya kujipakulia atakuja kujuta.

Siku ya nne, Jumanne alfajiri, tuliingia mto Tejo na Lisbon ikatokea juu ya vilima vyake, myeupe na ya rangi ya udongo. Waislamu waliuita mji huu al-Ushbuna na waliutawala kwa zaidi ya karne nne, mpaka ulipotekwa mwaka 1147 na mfalme Afonso Henriques akisaidiwa na majeshi ya msalaba yaliyokuwa njiani kwenda Palestina. Meli hutia gati chini ya mtaa wa Alfama, ambao jina lake latokana na neno la Kiarabu la chemchemi ya maji ya moto. Nyuma ya kilima iko Mouraria, mtaa walikoachwa wakae Waislamu baada ya kushindwa, hadi mfalme Manuel wa Kwanza alipotoa amri ya mwaka 1496 kwamba Waislamu na Mayahudi wabatizwe au wahame. Leo katika mtaa huo huo Wabangladeshi wanauza mchele na nyama ya halali. Na msikiti mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, una mkono wa Afrika ndani yake: jumuiya ya Kiislamu ya mji huo iliasisiwa mwaka 1968 na wanafunzi wengi wao wakiwa wametoka Msumbiji.

Wasafiri wengi walipelekwa Belém kwa basi, wakapiga picha mbele ya mnara na mbele ya nyumba ya watawa ya Jerónimos. Nasi tulikwenda. Jengo hilo, lililoanzwa mwanzoni mwa karne ya 16, lilijengwa kwa sehemu kubwa kutokana na kodi ya biashara ya viungo na mali za Afrika na Asia. Ndani yake, mlangoni tu, liko kaburi la Vasco da Gama, amechongwa katika jiwe amelala, mikono ameikutanisha kama aombaye. Watu walikuwa wamepanga foleni. Shangazi alilitazama muda mfupi, akasema, "Kumbe naye alilala kama wengine," akatoka nje kutafuta kivuli.

Lakini sisi tulikuwa na ahadi mahali pengine. Katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, iliyoko ukingoni mwa mto baina ya Belém na katikati ya mji, kimehifadhiwa chombo cha kanisa kinachojulikana kwa jina la Custódia ya Belém. Ni chombo cha dhahabu na rangi za kuchoma, kirefu kama mkono wa mtu mzima hivi, kimejengwa mithili ya jumba lenye minara, na ndani yake wamo wale wanafunzi 12 wa Nabii Isa (A.S.) kwa itikadi ya Wakristo, wamepiga magoti. Hunasibishwa na sonara Gil Vicente. Mfalme Manuel ndiye aliyeamuru kitengenezwe, na kazi ilikamilika mwaka 1506. Pembezoni mwa kitako chake yamechongwa maneno yanayoeleza dhahabu yake ilikotoka: ni ushuru wa utii uliotolewa na Quiloa. Quiloa ni Kilwa.

Historia yake ni fupi na inajulikana. Mwezi Julai 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alifika Kilwa na kundi la meli zenye mizinga. Alimlazimisha mtawala wa mji, Amir Ibrahim, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa dhahabu kila mwaka, ama sivyo mji ungepigwa. Dhahabu ikatolewa. Ilikuwa ni dhahabu iliyopanda kutoka Sofala na bara ya Zimbabwe, ile ile iliyoitajirisha Kilwa kwa karne kadhaa. Mwaka 1503 ikashushwa Lisbon. Miaka miwili baadaye, Julai 1505, Francisco de Almeida alifika na kundi kubwa zaidi. Kulipa hakukuwa kumeukinga mji: Kilwa ilishambuliwa na kuporwa, ngome ikajengwa, na mwezi uliofuata ikawa zamu ya Mombasa kuchomwa moto.

Shangazi alisimama mbele ya kioo kwa muda ambao watoto waliuona mrefu. Amekulia hatua chache kutoka Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Utotoni, anasema, waliokota sarafu za shaba za masultani baada ya mvua na kuzichezea bao. Alimtaka mpwa wake amsomee yale maneno ya Kireno, neno moja moja, na lilipofika jina la mji akamwambia arudie. Kisha akauliza, "Hapa watu wanalipa kuingia?" Tukamjibu kwamba wanalipa. "Na sisi tumelipa?" Tumelipa, shangazi. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akakaa kwenye benchi lililo mkabala na chombo kile mpaka tulipomaliza vyumba vingine.

Iko hoja kwamba vitu vya namna hii virejeshwe. Watu wa Benin wamedai shaba zao, na baadhi zimekwisha kurejea Nigeria. Chombo hiki kina utata wake: dhahabu ni ya Kilwa, kazi ya mkono ni ya Mreno, na matumizi yake ni ya ibada isiyokuwa yetu. Hatujasikia serikali yoyote ikikidai. Maoni yetu ni kwamba lililo karibu zaidi ni watoto wa Kilwa wajue kwamba kipo, picha yake iwe katika vitabu vyao vya shule, na maneno yale ya kitako yafasiriwe kwa Kiswahili. Mtoto wa Lisbon huoneshwa na mwalimu wake; mtoto wa Kilwa Masoko naye ana haki hiyo.

Cádiz tulipita kwa haraka. Ni mji mkongwe ulioasisiwa na Wafinisia, umezungukwa na maji pande zote ila moja, na upepo wake una harufu ya Forodhani. Wengine walikwenda Seville kwa gari moshi kuuona mnara wa Giralda, uliokuwa mnara wa adhana wa msikiti wa Muwahhidina na kukamilika mwaka 1198. Ndani hauna ngazi bali njia ya mteremko, ili muadhini aweze kupanda akiwa juu ya mnyama. Sisi tuliobaki tulijifurahisha kwa maneno. Mhispania husema "hasta" pale tusemapo "hata", na "fulano" pale tusemapo "fulani". Sukari kwake ni "azúcar" na zaituni ni "aceituna". Yote ni ya Kiarabu, yameingia kwake na kwetu kwa milango miwili mbalimbali. Nao Wareno walituachia meza, bendera, leso na gereza. Hili la mwisho kwao lina maana ya kanisa, na kila msomaji aweza kukisia mwenyewe namna maana ilivyogeuka.

Kutoka Málaga tulipanda basi hadi Granada. Tikiti za Alhambra hununuliwa kabla, tena kwa jina na kwa saa, na aliyechelewa kuingia katika majumba ya Banu Nasri hupoteza nafasi yake. Kuta zote zimeandikwa kauli moja, kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu, mara zisizohesabika, mpaka siku ya tarehe 2 Januari 1492 sultani wa mwisho alipokabidhi funguo. Tulistaajabia maji zaidi kuliko nakshi. Yameletwa kwa mfereji kutoka mto Darro, yanapita chini ya vyumba, yanachomoza katika vinywa vya simba 12 wa mawe, na mtu akae wapi asikie sauti yake.

Ibn Battuta alifika Granada yapata mwaka 1350. Takriban miaka 20 kabla yake, mwaka 1331, msafiri huyo huyo alikuwa Kilwa, mgeni wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye jumba lake la Husuni Kubwa, lenye bwawa la pembe nane lililotazama bahari, lilijengwa katika zama zile zile za fahari za Alhambra. Jumba moja hupokea wageni zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Jingine halina paa, na michongoma imeota ndani ya vyumba vyake. UNESCO iliyatia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaweka katika orodha ya yaliyo khatarini mwaka 2004, na kuyatoa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri katika msikiti mpya wa mtaa wa Albaicín, uliofunguliwa mwaka 2003, bustani yake ikiikabili Alhambra ng'ambo ya bonde.

Gibraltar ilitufikisha siku ya Ijumaa. Msafiri hana faradhi ya Ijumaa, lakini nani angekaa melini ilhali yuko chini ya mlima wenye jina la Tariq bin Ziyad? Msikiti wa Ibrahim al-Ibrahim, zawadi ya Mfalme Fahd wa Saudi Arabia, ulifunguliwa mwaka 1997 katika ncha ya kusini kabisa. Waumini wengi ni Wamoroko. Baada ya Swala tulitoka uwanjani, na Afrika ilikuwa mbele yetu, milima yake ikionekana wazi, maana mlango ule wa bahari una upana wa kilomita 14 hivi mahali pake pembamba. Jana yake bandarini Málaga tulikuwa tumeiona mashua ya rangi ya machungwa ya waokoaji wa baharini wa Hispania. Kazi yao moja ni kuwatafuta vijana wanaovuka usiku kwa vyombo vya mpira kutoka pwani ya Moroko. Wengine huokolewa na wengine hawaonekani tena. Ndugu yetu aliwaeleza watoto jambo hilo pale pale uwanjani. Mkubwa wao aliuliza iwapo meli yetu ingesimama kama ingewakuta. Sheria ya bahari yamlazimisha nahodha asimame na kuokoa, akajibiwa. Usiku ule mtoto huyo alikaa sitahani hadi saa tano, akiangalia maji.

La Coruña, kaskazini-magharibi ya Hispania, ina mnara wa taa uliojengwa na Warumi na ambao hadi leo unawaka. Kwetu sisi sifa yake kubwa ilikuwa pweza. Watu wa Galicia humpenda kama tumpendavyo: hupigwa akalainika, huchemshwa, hukatwa vipande na kutiwa mafuta ya zaituni, chumvi na unga wa pilipili nyekundu isiyo kali, akaandaliwa juu ya kibao. Shangazi aliruhusu kwamba wanajua kupika, ingawa alikosa nazi na ndimu.

Jambo moja hatukulisoma katika kipeperushi chochote kabla ya safari: aliyetulinda zaidi katika chakula alikuwa Muislamu mwenzetu. Kijana mmoja wa Java, aliyehudumia meza yetu, alipotuona tunasema Bismillahi siku ya pili, akawa anakuja mapema kutunong'oneza kipi kina mvinyo na kipi kimekaangwa pamoja na nguruwe. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, ulioanza kutumika mwaka 2013, unataka mfanyakazi apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na hesabu hiyo ina maana kwamba saa 14 za kazi kwa siku zaweza kuwa halali. Yeye alikuwa kazini tulipokunywa chai ya asubuhi na alikuwa kazini tulipokwenda kulala. Swala zake huziswali chini, alisema, katika chumba anachokaa na mwenzake, na wenzake Wafilipino humpa nafasi. Mkewe alijifungua mwezi Julai. Mtoto amemwona katika simu tu, na mkataba unakwisha Januari.

Usiku wa mwisho Shangazi alifungua sanduku lake, akatoa doti ya kanga ambayo hajaivaa, akampa kwa ajili ya mama wa mtoto. Kijana aliigeuza, akauliza yale maandishi yanasemaje. Ndugu yetu akamfasiria kwa Kiingereza, naye akayaandika kwa Kiindonesia nyuma ya karatasi ya orodha ya vyakula, akaikunja, akaitia mfukoni na kurudi kuondoa vyombo.